Ngamia wa Mwalimu

Alio ni dalali wa ngamia katika soko la mifugo la Garissa. Ngamia kiwete humwita mpole, na mzee humwita mzoefu. Mdomo huo ndio uliomjengea nyumba.

Mwalimu wake wa Kiswahili kule Bura aliandika riwaya iliyosifiwa kote, kisha akaandika nyingine iliyowachoma wakubwa, ikambidi ahame nchi kabla hajahamishwa duniani. Alio hakusoma hata moja, maana darasani alikuwa bingwa wa usingizi. Lakini mashabiki walipokusanyika katika ukumbi mmoja wa mtaa wa Waberi, hapo Garissa, kumuenzi Mwalimu, naye akiwatazama kwa simu kutoka ughaibuni, Alio alifika na ngamia jike. Kwao mtu wa maneno mazito hupewa ngamia, na makofi ni ya watoto.

Hotuba zikiendelea, ngamia akaingiza shingo dirishani, akala shada la mgeni rasmi, utepe na yote. Mwalimu akacheka hadi akakohoa, akasema anaishi ghorofani, hana pa kumfunga.

"Wewe bokea tu," Alio akamwambia. "Mimi nitachunga."

"Nimepokea."

Alio akawa amejitia kitanzi mwenyewe. Tangu hapo kila Ijumaa humpigia. Mwalimu huuliza kama vijana wanasoma, Alio humwonyesha makalio ya ngamia, aone yalivyonona. Mkewe, Hinda, hulalamika kwamba hata mamake Alio hapigiwi simu hivyo. Ngamia akazaa, na ndama naye akawa wa Mwalimu.

Ijumaa iliyopita Mwalimu hakuuliza habari za vijana.

"Alio, wauze wote, ule pesa. Umri umekwenda. Sidhani nitarudi tena."

Dalali huyo hakutaka kuuza. Ilimuuma, nasi tusimcheke kwa hilo. Aliona wazi kwamba mtu asiye na mnyama hata mmoja nyumbani hana cha kumrudisha.

"Haiwezekani," akasema. "Mali ya mtu mzima haiuzwi mwenyewe hayuko. Kuja, simama sokoni, uza na mkono yako."

"Alio, mimi sijui hata kumshika kamba."

"Mimi itafundisha. Ukilala, nitachapa."

Mwalimu, kwa sauti ndogo, akauliza siku hizi basi la kutoka Nairobi hadi Garissa huchukua saa ngapi.