Tanuri la Makapi Lasubiri Ijumaa

Saa kumi na mbili asubuhi, mtaa wa Nengo, mjini Gisenyi, kando ya ziwa. Mukandutiye analizunguka tanuri lake la matofali kwa mara ya saba tangu alfajiri. Anabandika kiganja ubavuni, anakiondoa upesi, anakipuliza. Kisha anachota udongo mbichi na kuziba ufa mwembamba kama unywele.

"Moto ingali iko ndani," anamwambia jirani yake Nyiramana, aliyemletea kikapu cha majivu bila kuombwa. "Mi nasema ni kesho. Lakini roho yangu haikai."

"Kaa we kwanza, roho itakuja nyuma," Nyiramana anamjibu, huku akimwaga majivu juu ya tanuri.

Leo ni Alhamisi, siku ya sita ya moto. Ndani mna matofali mia nane. Bwana Dauda, muuza nguo wa sokoni, ameahidi kuyachukua yote kwa duka lake jipya, ila fundi wake anataka kuanza leo. Mukandutiye akifungua leo, upepo wa ziwa utayapasua yakiwa moto. Asipofungua, Bwana Dauda atanunua kwingine.

Tanuri hili halikuchomwa kwa kuni. Limechomwa kwa makapi ya kahawa.

Mukandutiye ni mjane wa miaka arobaini na mitatu. Kutwa huchagua kahawa kwenye kinu cha kukobolea kwa faranga nane, na mzigo mmoja wa kuni kutoka vilima vya Nyamyumba ni faranga tatu. "Tulikuwa tunapika mara moja kwa siku, mimi na binti yangu Languida," asema. "Asubuhi tunakunywa maji ya baridi, tunaiita chai."

Nyuma ya kinu hutupwa makapi. Siku moja aliona lundo la makapi hayo likifuka moshi wiki nzima, bila mwali, hata baada ya mvua. Akatafuta debe, akalitoboa chini ubavuni. Akasimamisha chupa katikati, akashindilia makapi kuizunguka, akaichomoa chupa na kuwasha kwa chini. Maharagwe yakaiva na moto ukabaki.

Msimamizi wa kinu alipomkuta akibeba makapi, hakumfukuza. Alimpa magunia mawili makuukuu. "Ule mutu simusahau," asema Mukandutiye.

Kutoka jikoni akafika kwenye tofali. Makapi kidogo huyakanda na udongo. Mengine huyatandaza kati ya safu na safu, kisha hulikandika tanuri zima kwa matope ili moto uyale polepole. Ni kazi ya siku saba, na karibu zote ni za kungoja.

Hapo ndipo alipokosea mwaka jana. Siku ya tano alitoboa upande unaotazama ziwa, achungulie tu. Kati ya matofali mia sita, mia mbili na hamsini yalipasuka. "Niliyasikia yanalia, ta! ta! ta!, kama mahindi kwenye kikaango."

Saa tatu Bwana Dauda anafika na fundi wake, Viateur, mwiko kiunoni.

"Bon, mama, tufungue," asema Viateur.

"Hapana."

"We unachunga matofali kama mutoto mwenye homa!"

"Na mutoto mwenye homa, we unamuvua nguo kwa upepo?"

Nyiramana anacheka. Bwana Dauda hacheki. "Mama Languida," asema kwa upole, "mi sina ubaya na wewe. Lakini fundi namulipa kwa siku, na kule Rubona iko matofali tayari."

Mukandutiye anakunja pindo la kitenge chake, analikunjua, analikunja tena. Anazunguka tanuri nusu, anarudi.

"Fundi, musingi wa duka utajenga na nini?"

"Na mawe. Ya volkano."

"Mawe iko pale kiwanjani?"

"Iko mingi."

"Donc leo jenga mawe. Tofali inakaaga juu, haikaagi chini."

Bwana Dauda anacheka mpaka kofia inamkaa upande. "Fundi, mama amekufundisha kazi yako! Twende tubebe mawe." Kabla ya kuondoka anaweka kiganja kwenye tanuri, anaruka, na kusema: "Haki, ni homa."

Siku hiyo Mukandutiye haendi kinuni. Hali chakula, hakai.

Ijumaa, kabla ya Bwana Dauda kwenda msikitini, wanafungua kwa upande wa mlima, usikofika upepo wa ziwa. Viateur anatoa tofali la kwanza, analigonga kwa mwiko. Linalia kama kengele. Anagonga la pili, la tatu, kisha anaacha kugonga na kuanza kupanga. Kati ya mia nane yamepasuka thelathini na moja tu, na Viateur mwenyewe anamtengea hayo kando. "Haya ni ya jiko lako, mama," asema.

Yale yaliyopasuka mwaka jana pia hakuyatupa. Ndiyo ukuta wa jiko lake. Tanuri lijalo, asema, litakuwa la nyumba, yake na ya Languida, mahali pa ile ya miti na udongo inayovuja. Anataka kulifungua siku ya nane.

"Mbona ya nane?" Nyiramana anauliza. "Siku saba zimekumaliza!"

"Saba ilikuwa ya Bwana Dauda," anajibu, na kwa mara ya kwanza tangu jana anakaa chini. "Ya nyumba yangu, mi nitaingoja mpaka ipoe."