Kofia ya Aglaia

Mtaani kwetu Tecuci, huku Romania, hakuna tusi linalochoma kama "fasoane". Tumelitoa kwa Wafaransa. Kwao ni namna tu ya kufanya jambo, sisi tumeligeuza rungu la kuwapigia wenye madoido. Ukikataa supu ya viazi, una fasoane. Ukijipaka manukato siku ya kazi, una fasoane. Hata ukiugua muda mrefu kuliko jirani yako, hizo ni fasoane.

Bibi Aglaia, mshona kofia, alilisikia maisha yake yote. Uzeeni akajishonea kofia ya zambarau yenye wavu wa usoni, akaiweka sandukuni pamoja na nguo zake za kuzikiwa, ambazo kila kikongwe wetu huziandaa mapema.

"Utazikwa na kitambaa cheusi kama wenzio," alisema Veta, mke wa mwanawe. "Fasoane mpaka kaburini? Unataka tuchekwe, mama?"

Lakini kwetu, ukitoa kitu sadaka ungali hai, na aliyepewa akajibu "bogdaproste", yaani Mungu awarehemu wafu, utakikuta ng'ambo ya kaburi. Basi Aglaia akaitembeza kofia yake mlango kwa mlango. Roho iliniuma kumwona. Taulo za sadaka walipokea, vikombe walipokea. Kofia?

"Mimi na dude hilo? Nina uso wa fasoane mimi?"

Tasia, dobi, ndiye aliyeipokea. "Bogdaproste, bibi. Mungu akupokelee." Aglaia alilia kwa furaha.

Jumapili Tasia akaivaa kanisani. Wanawake wetu nao, hawana haya!

"Mpisheni malkia wa mabeseni!"

"Njaa tumboni, fasoane kichwani!"

Kasisi mwenyewe alicheka ndani ya ndevu.

Aglaia alikuwa amesimama langoni kwake, akingoja kuiona kofia ikipita. Tasia akaja mbio, kichwa wazi, kofia mkononi.

"Chukua, bibi. Njaa nimeizoea. Hili siliwezi."

"Ukiirudisha, sadaka imeharibika, mwanangu."

"Najua. Nisamehe." Akaitundika kwenye lango, akaenda zake.

Aglaia hakumwita. Aliingia ndani, akamwambia Veta amtafutie kitambaa cheusi. Veta, labda huruma ilimshika, akauliza kama amnunulie angalau cha hariri.

"Cha pamba," alisema bibi. "Cha hariri watasema."