Ufuo wa Ghorofa ya Nne

Usiku ule wa kuamkia siku ya kutia sahihi, nililala futi yangu ya kupimia ikiwa bado shingoni. Mimi ni fundi cherehani, nashonea nyumbani kwetu Ngamiani, Tanga, na zipo siku nachoka hata kuivua. Siku ile haukuwa uchovu. Ilikuwa furaha, tena ile ya mtoto anayesubiri Idi. Asubuhi yake, saa nne, kamati ya wakazi ilikuwa ikutane na watu wa kampuni ya ujenzi, na mimi ndiye katibu, kwa sababu ya mwandiko wangu na si kwa hekima yoyote. Nilikuwa niweke sahihi kwamba wakazi wote tumeridhika na ramani.

Ramani yenyewe tulikuwa tumeikariri. Nyumba za mbele, zile kongwe zenye baraza na nguzo, zitakarabatiwa: bati jipya, lipu mpya, milango ya zamani isafishwe na irudishwe mahali pake. Zetu za nyuma, za miti na udongo, zitavunjwa yajengwe maghorofa, na kila familia ipate nyumba yake yenye jiko lake na choo ndani. Choo ndani! Aliyewahi kupanga foleni alfajiri na kopo mkononi, nyuma ya jirani anayeumwa tumbo, ndiye anayejua utamu wa maneno hayo mawili. Vikaratasi vya kura tulishaviokota. Cha mama kilisema ghorofa ya nne. Lifti haimo kwenye ramani, na magoti ya mama yanalalamika hata kwenye kizingiti, lakini aliufurahia ushindi wake.

"Huko mbu hawafiki," alisema, na jirani zake wakamtania kwamba sasa atakuwa anatuangalia sote kwa juu.

Mtu mmoja tu alitaka kututia mchanga kwenye pilau. Mzee Kombo, mstaafu wa reli, mpangaji wetu wa chumba cha mwisho karibu na uani, mzee asiyesema sana. Katika mkutano uliopita watu walikuwa wameuliza mabomba, wameuliza mita za umeme, wameuliza funguo. Yeye akasimama, akavua kofia yake, akauliza: "Huko juu mtu akifa, atashukaje?"

Watu waliguna. Kijana aliyetumwa na kampuni akatazama saa yake. Alikuwa ametuambia tangu mwanzo kwamba mtaa usiokuwa tayari wasingeulazimisha, mitaa mingine inangoja. Nikaingiwa na hofu kwamba tutaachwa na makuti yetu ya uani na bati letu lenye matundu, nikamkatiza mzee wa watu mbele ya kadamnasi: "Mzee Kombo, tumekuja kutafuta nyumba ya kuishi. Usituletee uchuro." Watu wakacheka kweli. Mzee akavaa kofia yake, akaketi.

Jioni ya siku ile ya mkutano, nilipoandika muhtasari, niliandika swali la mabomba, la mita na la funguo. Lake nikaliruka. Nilijiambia kwamba lile halikuwa swali, ulikuwa uchuro tu, na uchuro hauandikwi.

Basi usiku ule, futi shingoni, nikalala. Na usingizini akaja Bibi Mwanakheri.

Bibi alikuwa mama yake mama. Amekufa miaka mingi sasa, na hakuwahi kunijia hata mara moja, ingawa alinilea na ndiye aliyenifunza kushika mkasi. Enzi zake ndiye aliyekuwa akiosha maiti wa kike wa barabara zetu zote. Sanda aliipima kwa mkono wake, kutoka kiwiko mpaka ncha ya kidole, na hakuwahi kukosea. Alikuwa akinitania kwamba sisi ni wapimaji wawili, yeye wa waliolala na mimi wa wanaotembea.

Nilikuwa nimeshahamia. Nilikuwa kwenye nyumba mpya, ghorofa ya nne, vigae vyeupe, harufu ya rangi imejaa puani. Nilikuwa nafungua bomba na kulifunga, nafungua na kulifunga, kwa raha tu. Nikasikia kitu kinagonga sebuleni. Kong. Nikafunga bomba. Kong.

Natoka, namkuta Bibi. Amejifunga kanga kiunoni, miguu peku, ameshika kile kijembe chake cha mpini mfupi, anapiga sakafu. Kigae hakipasuki. Hakiachi hata alama.

"Shikamoo, Bibi."

Haitiki. Naona haya kwamba hakuna hata kigoda cha kumkaribishia. Anainua jembe tena na mimi namshika mkono. Mkono una baridi na una maji.

"Bibi, chini kunaishi watu."

Hapo ndipo ananitazama. Uso wake ni ule ule, ila hauna mzaha hata kidogo, na Bibi hakuwahi kuniangalia bila mzaha.

"Nichimbe wapi, mke mwenzangu?"

Nilielewa papo hapo. Kwetu maiti haoshwi hivi hivi. Kwanza huchimbwa ufuo, kishimo kirefu chini ya kitanda cha kuoshea, ili maji yale yaingie ardhini na asiyakanyage mtu. Bibi alikuwa hawezi kuanza kazi kabla ya kuuona ufuo. Na kama anatafuta ufuo, basi kuna maiti ndani ya nyumba. Sikumwuliza ni nani. Niliogopa kuuliza.

Nikamvuta mpaka bafuni, nazungumza haraka haraka kama muuza duka. Namwonyesha tundu la maji kwenye sakafu, lenye kichujio cha kung'aa. Hapa, Bibi, maji yote yanapita hapa. Anachuchumaa, analitazama lile tundu.

"Yanakwenda wapi?"

Najua yanakokwenda. Ramani ninayo kichwani. Bomba linashuka ukutani, linapita jikoni kwa watu wa ghorofa ya tatu, jikoni kwa watu wa pili, jikoni kwa watu wa kwanza. Nataka kumwambia mabomba ya siku hizi hayavuji.

Sijapiga hatua, lakini bafu si bafu tena. Ni uani kwetu, uani ule wa zamani, udongo mwekundu umetifuliwa, ufuo umeshachimbwa. Nimeshika pembe ya shuka pamoja na wanawake wengine tumeizungushia kitanda, na nimegeuza uso kama inavyotakiwa. Nasikia maji yanamwagika na kunyamaza. Nasikia Bibi anasema, "Anzeni upande wa kulia." Halafu nasikia kitambaa kinakunjuliwa, na Bibi anaanza kupima kwa mkono wake, anahesabu kwa sauti ya chini. Mmoja. Miwili. Mitatu.

Anapofika mwisho na kuchana, naikaza pembe ya shuka. Urefu ule naujua. Mimi ndiye ninayemshonea mama madera, na sijawahi kuhitaji futi kwa mama. Ule ni urefu wa mama na nyongeza ya kufungia.

Nataka kupiga kelele. Nataka kulia nimwambie Bibi, huyu ni mwanao, mwanao wa kumzaa, unawezaje kuhesabu kwa sauti tulivu namna hiyo? Lakini tayari tuko ngazini.

Wanaume wanne wamebeba jeneza la msikitini, lile lile la siku zote, limefunikwa kanga. Wanashuka kutoka ghorofa ya nne. Mimi niko nyuma yao na najua wanawake hatusindikizi, lakini hakuna anayenifukuza. Ngazi ni nyembamba. Viwiko vyao vinakwangua lipu mpya. Pale ngazi zinapokata kona wanasimama. Wa mbele anajaribu kushoto, jeneza linagota ukutani. Anajaribu kulia, linagota kwenye vyuma vya kushikilia. Wanarudi hatua moja juu, wanajaribu tena. Nasikia pumzi zao tu, na mbao zikisuguana na ukuta.

"Tumsimamishe," anasema mmoja.

"Maiti hasimamishwi!" Hiyo ni sauti yangu. Inasikika hadi chini.

Wanaanza kuliinua upande mmoja. Kanga inateleza. Kitu ndani ya jeneza kinasogea kuelekea miguuni, na mlio ule wa kitambaa juu ya mbao nitausikia mpaka nami niwekwe humo. Najaribu kushika upande wangu, mikono haifiki. Nawaambia turudini juu. Wanasema juu mlango umefungwa. Nawaambia basi tuteremkeni. Wanasema hatupiti. Jasho linawatoka na mabega yanawatetemeka, na najua wakichoka watamwachia.

Chini kidogo ya kona, Mzee Kombo amesimama, kofia mkononi. Ananitazama mimi, hatazami jeneza. Amenyamaza, kama mtu aliyeambiwa aketi na bado hajaruhusiwa kusema.

Bibi yuko ubavuni kwangu. Amenishikisha daftari la muhtasari.

"Nisomee."

"Bibi, sasa hivi?"

"Wamechoka. Soma, Hawa."

Nasoma. Mkazi mmoja aliuliza kuhusu mabomba. Mkazi mmoja aliuliza kuhusu mita. Mkazi mmoja aliuliza kuhusu funguo.

"Umeruka," anasema Bibi.

Bibi hakujua kusoma. Maisha yake yote hakujua hata jina lake likiandikwa. Na sasa ameweka kidole chenye maji katikati ya ukurasa, pale pasipo na neno, na karatasi inaloa.

"Soma hapa."

Nafungua mdomo nilitamke swali la Mzee Kombo. Nalijua, ni maneno machache tu. Nikitamka, wale wanaume watapata njia, sijui kwa nini, ila nina hakika. Mdomo unatoa neno moja: uchuro. Najaribu tena. Uchuro. Mabega yanashuka, jeneza linainama, kanga imeanguka, na mimi nasimama pale nikisema uchuro, uchuro, huku nalia.

Bibi hakunikaripia. Aliivua futi shingoni mwangu taratibu, akaishika ncha moja ukutani, akanipa ncha ya pili niipeleke kwenye vyuma. Nikavuta. Ikakaza kabla hata mkono wangu haujanyooka.

"Ghorofa sikukatazi," akasema. "Waulize njia."

Nikavuta tena kwa nguvu, nikaamka.

Futi ilikuwa imenizunguka mkononi mara tatu na vidole vimekufa ganzi. Kulikuwa kumeanza kupambazuka. Bati lilikuwa linadondosha maji kwenye ndoo, tone moja moja, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu mlio ule ulinipa amani. Nikageukia kitanda cha pili. Mama alikuwa amelala chali, shuka hadi kidevuni. Nilimtazama kifua mpaka nikaona kimepanda. Nikangoja kishuke. Kikapanda tena.

"Mbona unanikodolea macho?" akauliza bila kufumbua yake.

"Nimemwota Bibi."

Akafumbua. Akajiinua kwa kiwiko, magoti yakalia. "Mama yangu? Alikuwaje?"

"Ameshika jembe. Anatafuta pa kuchimba ufuo kule ghorofani." Jeneza sikulitaja. Urefu wa sanda ile sitamwambia mama, na nawaomba nanyi msimwambie. "Amesema hakatazi nyumba. Amesema tuulize njia."

Mama alivuta shuka akafunika magoti. Alikuwa anatazama ile ndoo.

"Swali lile la Kombo," akasema mwisho, "mimi nililiwaza siku ile ile nilipookota kikaratasi. Nikasema, mimi na miguu hii, nikishapanda huko nitashuka mara moja tu, na kwa kubebwa. Nilitaka kusimama niseme. Ulipomnyamazisha mwenzangu, nikaona na mimi utaniambia nina uchuro."

Hakuna kofi lililowahi kuniuma namna ile. Mama yangu, chumba kimoja, vitanda viwili, amelala na hofu yake siku zote hizo kwa kunihofia mimi.

"Nisamehe, mama."

"Kamwombe Kombo kwanza. Mimi nipo."

Nikawasha taa. Uani nilimsikia Mzee Kombo anakohoa, anatia maji ndani ya birika lake la udhu. Nikapanga: nikimaliza hapa nitamtokea, nimwamkie, nimwombe radhi, halafu twende wote msikitini nikalipime jeneza, urefu na upana, nikavilinganishe na ngazi za kwenye ramani yao mbele ya yule kijana. Na nitawaambia tunataka chumba kimoja chini cha kuoshea maiti, chenye mlango mpana na ua wenye udongo. Huenda wakakunja ramani yao wakahamia mtaa mwingine. Niliogopa, sitadanganya. Choo ndani bado nilikitaka, na mama bado alihitaji bati lisilovuja. Lakini kuogopa huko kulikuwa kudogo kuliko kule kwa ngazini.

Nikafungua daftari. Chini ya funguo nilikuwa nimeacha mstari mmoja mtupu, nadhani kwa bahati mbaya, mimi nisiyeacha nafasi. Nikaandika kwa mwandiko wangu ule wanaousifu: Mzee Kombo, mkazi, aliuliza: Huko juu mtu akifa, atashukaje?

Pa jibu nikapaacha wazi. Pa sahihi pia.