Ndevu za Kijani Mbele ya Mkwe

Leo nasimulia nikicheka, lakini siku ile sikucheka, na hadi sasa nikipita mtaa wa Waislamu pale Gisenyi naweka mkono kidevuni kama mtu mwenye mawazo mazito, kumbe naficha aibu.

Mwaka ule nilikuwa kibarua wa Mbelgiji mmoja aliyetengeneza makabati ya nyumba za wazungu kando ya ziwa. (Kabla ya hapo nilikuwa utingo wa lori, mpishi, na kwa wiki mbili mpiga tarumbeta, shule niliiacha mapema, lakini kopo nikiliona lazima nilifungue.) Nilimpenda Zaina, binti wa Mzee Ramadhani fundi cherehani, na mzee hakunitaka kwa sababu moja tu: "Kijana huyu ni upepo. Leo iko hapa, kesho iko Goma."

Mjomba Shabani akakubali kunipeleka kuposa Ijumaa baada ya sala, mradi nionekane mtu mzima aliyetulia. Sasa waliotulia mtaani kwetu walikuwa wazee wenye ndevu zilizopakwa hina, na hina wiki ile haikuwapo sokoni, ila karakanani kulikuwa na kopo la unga wa rangi ya chungwa ambao mzungu aliuyeyusha majini, akapaka ubao mpya, ukageuka kahawia kama wa zamani. Aliuita bikromati, aliushika kwa glavu, na alinikataza kuugusa. Mimi nikaona ni uchoyo. Nikaunusa, nikapiga chafya saba, nikachota vijiko viwili.

Nikauandaa kama hina yoyote, nikakamulia ndimu tatu, nikapaka ndevuni, nikatazama kwenye kioo, nikajiona alhaji kabisa! Nikafunga kitambaa ili ikolee. Kidevu kiliwaka moto njia nzima, nami nikajiambia dawa ya wazungu ina nguvu, nikakifungua kitambaa mlangoni kwa Mzee Ramadhani, bila kioo, nikaingia kwa maringo.

Nyuma ya pazia nikasikia sauti ya Zaina mwenyewe: "Mama we! Bwana harusi ameota majani!"

Ile ndimu ilikuwa imeigeuza rangi. Ndevu zilikuwa kijani.

"Bon, Shabani," mzee akasema taratibu, "umeniletea mukwe ao sahani ya sombe?" (Sombe ni majani ya muhogo yaliyotwangwa, na kusema kweli rangi ilikuwa ileile.) Nikafungua mdomo nijitetee, chafya ikatoka, damu ya pua ikafuata, ikaangukia mkeka wa wageni, na Mjomba akaanza kunisugua kwa maji hadi ndevu zikabaki mkononi mwake pamoja na ngozi.

Muuguzi wa dispensari alinusa kitambaa, akauliza nafanya kazi wapi, akashika kichwa. "Ile ni kromu, mutu wangu! Inakula ngozi, inatoboa pua. Ungeimeza, figo zingekufa. Na we umejipakaa mwenyewe?"

Vidonda vilikuwa vya mviringo, kama vimetobolewa kwa msumari, na vilikataa kupona wiki baada ya wiki. Pua ilitoka damu kila nikicheka, nikaacha kucheka. Mzee Ramadhani alikuja kunitazama, akanihurumia. "Rudi na ndevu zako za kweli," akasema, "rangi yoyote Mungu aliyokupa. Tutaongea."

Basi nikangoja. Mimi, upepo, nilikaa Gisenyi mwaka mzima bila hata kuvuka kwenda Goma, kila asubuhi nikipapasa kidevu. Mashavuni ziliota. Kidevuni, palipo na makovu, haukuota hata unywele mmoja.

Zaina akaolewa na dereva mwenye uso laini kama yai. Nikaenda kulalamika.

"Lakini mzee, huyu hana ndevu kabisa!"

"Hana," akajibu, mguu ukiendelea kukanyaga cherehani, "na hakuzitafuta kwenye kopo."

Tangu siku hiyo kopo la mtu silifungui. Nikiwa na hamu sana, nalitikisa tu nisikie, basi.