Macho Yaliyoanguka na Karanga za Mama

Mama yangu hakuipenda kazi yangu, na sababu yake aliitoa kwenye Biblia. "Dhambi ya kwanza ilikuwa kutaka kujua," alikuwa akiniambia. Nami, kwa huu mdomo wangu usiotulia, nilimjibu kwamba dhambi ya kwanza ilikuwa kutotii, hayo mengine anaongeza yeye. Tulibishana hivyo miaka na miaka. Ninapima sumukuvu, ile sumu inayoachwa na ukungu kwenye mahindi na karanga, katika maabara moja huku Chimwaga. Kwa mama, hiyo ni laana ya ardhi tangu Edeni. Mtu mwenye adabu zake huiombea, haichungulii.

Ndiyo maana nilishtuka aliponifuata kazini kutoka kijijini, amebeba mfuko wa mahindi na mfuko wa karanga. Mtoto wa dada yangu alikuwa amefika umri wa kuanza uji, na kwetu unga wa lishe husagwa na bibi, hilo halina mjadala. Lakini dada, aliyekwisha kunisikia nikihubiri habari za ini linaloharibiwa na sumu hiyo na watoto wanaodumaa, alikuwa amegoma: bila kipimo, hakuna uji.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Haya, pima huo uchawi wako, nikampikie mjukuu wangu."

Kwanza nilimwingiza kwenye chumba cha giza. Nilitaka kumtambia kidogo, nisidanganye. Nikamwaga kwenye sinia mahindi mabovu tunayofanyia majaribio, nikazima taa ya kawaida, nikawasha ile ya zambarau. Jamani! Nimeliona jambo hilo mara nyingi na bado hunikata pumzi. Punje ambazo kwenye jua zilikuwa punje tu ziliwaka humo gizani, kijani iliyochanganyika na manjano, huku moja, kule nyingine, kama macho ya paka. Mama alinishika mkono.

"Mbona inapendeza hivi?" alinong'ona. Kisha akasema, "Hata lile tunda lilipendeza macho." Nikayaondoa yale mabovu, nikamwaga ya kwake.

Mahindi yake hayakuwaka hata punje. "Si nilikwambia?" Nikamweleza kwamba taa nayo hudanganya, inaonyesha dalili ya ukungu, si sumu yenyewe, na kwenye karanga ndiyo haiaminiki kabisa. Kwa hiyo tulisaga mahindi peke yake na karanga peke yake, tukachanganya na dawa, tukachovya vijikaratasi vya kupimia. Tukakaa kusubiri.

"Kwa hiyo huliamini jicho lako, wala taa yako?"

"Siamini."

"Wala kichwa chako?"

"Hicho ndicho nisichokiamini kabisa! Ndiyo maana napima, halafu napima tena, halafu nampa mwenzangu apime."

Alicheka. "Adamu aliwatazama wanyama akawapa majina palepale. Sisi baada ya anguko tunapapasa tu. Kumbe hata nyie mnajua kwamba mmeanguka."

Mwili ulinisisimka. Nimesoma miaka mingi na hakuna aliyewahi kuniambia hivyo. Mashine zote zile, kurudia kote kule, kumpa mwenzangu aikosoe kazi yangu, vyote ni kukiri kwamba tunaona vibaya na tunapenda kujidanganya. Nilikuwa nikiungama kila siku ya kazi bila kujua.

Mahindi yalikuwa safi. Kwenye karatasi ya karanga, kistari kinachotakiwa kujitokeza pasipo na sumu hakikujitokeza. Nikarudia. Hakikujitokeza.

"Nilizichambua moja moja," mama alisema, na sauti yake ilikuwa imepungua.

Nikamuuliza alizimenyaje. Alizimenya kama wanawake wote wa kwetu: unazinyunyizia maji, unazifunika na gunia mpaka asubuhi, ganda linalainika na vidole havichubuki. Nikamwambia kwamba unyevu ule ndio chakula cha ukungu. Hakubisha. Akauliza kuhusu mdogo wangu, yule aliyenifuata mimi, aliyeanza uji vizuri kisha akawa anakonda tu, tukamzika kabla hajatembea.

"Na yule? Ni karanga zangu?"

Nilitamani kusema hapana. Nilitamani sana. "Sijui, mama. Hakuna kipimo kinachoweza kurudi kule."

Jumapili, kwenye kanisa la kijijini nilikomsindikiza, aliomba nafasi ya kusema baada ya ibada. Nilidhani anatoa ushuhuda wa kawaida. Akasimama mbele ya kanisa zima akasema amekuwa akiharibu karanga maisha yake yote, na akaeleza habari ya maji na gunia. Watu waliguna. Mimi nimekaa kwenye mikutano ya wasomi, nimewaona watu wakitetea majibu yao mpaka mishipa ya shingo inawasimama. Sijamwona hata mmoja akisimama vile kujishtaki mwenyewe.

"Nina mtoto kule makaburini," mama alimalizia. "Huenda nilimuua mimi, huenda si mimi. Binti yangu anasema hajui, na ninamwamini kwamba hajui. Lakini habari ya maji kwenye karanga anaijua. Nendeni mkamenye kavu."