Mawe Yaliyooshwa kwa Maji ya Bomba

Si kweli kwamba mjane wa fundi saa aliuza mawe ya baharini. Waliotangaza hivyo, na wanajulikana hadi rangi ya milango yao, hawajawahi kukanyaga sebuleni kwake. Wangekanyaga wangeliona tangi la kioo, refu kama meza ya chakula, ambalo marehemu aliliunda kwa mikono yake ili afuge samaki wa baharini. Alilijaza maji ya chumvi, na mauti yakamkuta kabla hajatia jiwe hata moja.

Shemeji yake alimshauri mjane ayamwage maji, kioo kigeuzwe kabati la vyombo. Alimjibu kwamba vyombo vyake vina kabati, akaenda kuomba kibali.

Kibali kiliruhusu ndoo mbili za mawe yaliyolala juu ya mchanga. Kung'oa mwamba ni marufuku. Maji yalipokupwa, mjane huyu, mwalimu mstaafu wa hesabu, aliinama asubuhi nzima akichagua mawe mepesi yenye matundu, yaliyovaa mwani, ambamo huishi minyoo na kaa wadogo kama punje za mtama. Viumbe hao ndio husafisha maji. Bila wao samaki hadumu. Akayafunika kwa magunia yaliyolowa maji ya bahari, akayafikisha nyumbani yakiwa hai.

Sasa, huyu ni mama asiyeingiza kitu ndani bila kukiosha. Hata mayai huyaosha. Aliyasugua mawe kwa brashi chini ya bomba, moja baada ya jingine, mpaka yakatakata. Maji yasiyo na chumvi yaliua kila kilichokuwamo. Siku ya tatu harufu ilifika barabarani. Kwa aibu aliyazika nyuma ya nyumba, na hapo ndipo maneno yalipoanza: mawe yaliingia, mawe hayaonekani, basi kayauza.

Fomu ya kibali cha pili ilikuwa na swali: mawe ya kwanza yako wapi? Bintiye alimsihi aandike kuwa yalivunjika njiani. Alikaa na fomu ile siku mbili, kwani ama aonekane mjinga, ama jina la mumewe libaki midomoni mwa watu. Akaandika ukweli, akaupeleka mwenyewe.

Ofisa wa vibali aliwahi kuwa mwanafunzi wake. Alisoma, akasoma tena, akajitahidi asicheke.

"Mwalimu, nyuma ya kibali tuliandika yasioshwe kwa maji ya bomba."

"Sikugeuza karatasi."

"Si wewe uliyekuwa ukitukata alama kwa kutogeuza karatasi?"

"Ndiye mimi. Nikate alama, halafu piga muhuri."

Akapiga.

Mawe ya pili yalikaa wiki sita ndani ya pipa la maji ya bahari, naye akiyabadilisha maji hayo kwa zamu alizojipangia, mpaka harufu ya viumbe wachache waliokufa njiani ikaisha. Kisha yakaingia tangini. Alasiri moja mnyoo mwenye kichwa kama unyoya mwekundu alichungulia kwenye tundu. Mwalimu alivuta kiti akakaa.

Shemeji alimkuta hapo, akamuuliza kuna nini cha kutazamwa katika tangi lisilo na samaki.

"Kunywa chai yako, shemeji, inapoa."

Mawe hayakuuzwa. Vibali vyote viwili vimo kwenye droo ya marehemu; anayetaka aje asome, mbele na nyuma. Anachokitazama kila alasiri katika tangi lile ni chake, na hakitasemwa hapa.