Yule Aliyekufa Bila Kuliliwa

Habari ilinifikia sokoni Kamwokya nikichagua nyanya: mkalimani wetu wa zamani amefariki, na amekwisha kuzikwa Kawempe. Nilipokuwa mpiga taipu katika ofisi iliyoandikisha wakimbizi kutoka Kongo, meza yake ilipakana na yangu. Alizaliwa Kampala katika ukoo wa wafanyabiashara waliotoka pwani; mtu mpole, lakini ukikosea Kiswahili mbele yake hakukuacha upite.

Siku moja alikuja mama mmoja na watoto watatu. Fomu ilikuwa ya Kiingereza, na kuhusu mume iliuliza kama ni "deceased", yaani aliyefariki. Ni neno la makaratasi. Sijapata kusikia mtu akilia kwa neno hilo. Mkalimani akachagua la heshima: "Mama, bwana yako ni marehemu?"

"Hapana," mama akajibu. Afisa aliyekuwa akijaza fomu, ambaye Kiswahili chake kiliishia hapo, akaandika kuwa mume yu hai.

"Basi yuko wapi?" mkalimani akauliza.

"Alikufa. Nilimuacha njiani, tulikuwa tunakimbia. Marehemu ni ule watu walizika, walimulilia. Bwana yangu, nani alimulilia?"

Mkalimani akamwomba afisa asahihishe fomu, la sivyo mama angehesabiwa kuwa mke anayemngoja mumewe. Afisa alinung'unika kwamba kufa ni kufa tu, lakini akafuta.

Jumapili ile mkalimani alitualika kwake pamoja na yule mama, tumlilie bwana yake. Mkewe alikuwa ametandika mikeka uani na kupika wali. Wakongo wa mtaani wakaja, wakaimba nyimbo zao za kanisani katika nyumba ile ya Kiislamu, na mama akalia kwa sauti mpaka akaishiwa nguvu. Nasi tusiomjua yule bwana tukalia. Mwenyeji wetu alikaa mlangoni, viganja wazi, akiomba kimyakimya.

Baadaye nilimwuliza kwa nini alijitwika msiba wa mtu asiyemjua. "Marehemu ni aliyerehemiwa," alisema. "Kurehemu ni kwa Mungu. Kumwombea mtu ni kwetu."

Siku hizi taarifa ya kifo huingia kwenye simu, tukajibu kwa maneno mawili ya pole, tukaendelea na shughuli. Hata mimi nilikuwa nimeanza kuzoea. Jana nilikwenda Kawempe, nimechelewa siku mbili, nikaketi na mjane wake mpaka alasiri, tukizungumza machache. Karatasi ikishaandikwa kwamba mtu amekufa, kazi yake imekwisha. Yetu sisi ndiyo kwanza inaanza.